Fomu ya Kurasa Mbili

Ngrrr, ikanyamaza, kisha ikashusha pumzi ndefu kama mtu aliyepewa habari asiyoitaka. Nilikuwa bado nje ya mlango wa ukumbi wa kanisa nikipangusa viatu, lakini sauti hiyo niliijua. Ilikuwa mashine ya kupima presha. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada, Wakenya wa kanisa letu la Great Barr, huku Uingereza, hupimana presha kabla ya kunywa chai, na siku hiyo walikuwa wameanza bila mimi.

"Mama Daktari, kijana wako huyo!" mtu alipaza sauti nilipofungua mlango, na ukumbi mzima ukageuka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na shahada ya sayansi za tiba, iliyotundikwa sebuleni kwetu ndani ya fremu ya dhahabu bandia. Daktari sikuwa. Lakini watu wa kwetu hawangoji mbegu iote ndipo waipe jina. Siku niliyopata nafasi chuoni mchungaji aliniita mbele, akaniwekea mikono kichwani, na niliporudi kitini nilikuwa tayari Daktari, na mama yangu Mama Daktari. Jina lake, Moraa, likabaki kwenye beji ya kazini, katika nyumba ya wazee anakowaosha na kuwageuza ubavu Waingereza wasioweza tena kujigeuza. Nami jina langu jipya nililipenda, sitasema uongo. Nililivaa kama koti la bei ghali na kutembea nalo kifua mbele.

Mezani alikaa Jelagat, muuguzi wa kweli mwenye miaka kumi na tisa wodini na ulimi usiojua kubisha hodi.

"Umechelewa, Daktari wa karatasi," alisema. "Kaa uandike. Huo mwandiko wako unasomeka vizuri, ndiyo maana najua udaktari bado."

Watu wakacheka. Nikacheka nao, meno nje.

Jelagat alikuwa na sheria moja: anayepimwa hasemi. Ukifungua mdomo mkanda ukiwa mkononi, namba inapanda bure. Alimnyamazisha hata mchungaji. Na mzee mmoja alipojaribu kupita kando akielekea kwenye birika, alimshika koti. "Mficha maradhi kifo humuumbua, mzee wangu. Leta mkono."

Niliinamisha uso kwenye daftari. Methali ile haikuwa yangu, lakini ilinipata.

"Barua ya chuo cha udaktari imekuja?" Jelagat aliniuliza kwa sauti ya chini, akifungua mkanda.

"Bado. Pengine wiki hii."

"Wiki hii, wiki hii. Hata Yesu alikaa kaburini siku tatu tu."

Hakukuwa na barua. Sikuwa nimetuma maombi popote. Wastani wangu wa alama ulikuwa hamsini na nane kwa mia, daraja la pili la chini, na vyuo vingi vya udaktari vinavyopokea watu wenye shahada huanzia sitini. Alama mbili. Siku ya mahafali walisoma majina bila madaraja, na Mama akapiga vigelegele hadi walinzi wakageuka. Vigelegele vile vilinikuta nimeshika karatasi ninayoijua mimi peke yangu.

Kisha Mama mwenyewe akaketi, akakunja mkono wa gauni, akafumba macho kama anayeomba. Ngrrr. Mashine ikashusha pumzi. Mia moja sitini na nane juu ya mia moja na mbili.

"Ni furaha tu," Mama alisema.

"Ni chumvi," Jelagat alijibu. "Kesho umwone daktari. Na simaanishi huyu."

Niliandika namba hizo daftarini. Tangu Julai nilikuwa nikitafuta siku ya kumwambia Mama ukweli, na sasa nikapata sababu nzuri ya kunyamaza: presha. Mwoga akipewa sababu nzuri, huiita huruma.

*

Binamu yangu Xavier yuko Minnesota, walikojaa watu wa Kisii kiasi kwamba harusi zao zina kamati nyingi kuliko bunge. Ndiye mtu pekee niliyemwambia, kwa sababu bahari ilikuwa kati yetu.

"Binamu, hilo si jambo la kulia," alikuwa amesema kwenye ujumbe wake wa sauti wiki iliyotangulia, nyuma yake mashine ya kufulia ikizunguka. "Paisha GPA. Rudia zile kozi ulizoanguka, mwaka mmoja tu, upate A, wastani upande, uombe. Hapa kila mtu hufanya hivyo."

Kwa siku mbili nilikuwa mtu mwenye furaha. Kisha nikasoma vizuri, nikagundua kuwa Xavier alikuwa akiniponya ugonjwa wa nchi nyingine. Hapa shahada ikishatolewa ni kama ugali ulioepuliwa; huwezi tena kuongeza unga. Nikasoma kurasa za chuo kimoja baada ya kingine. Hiki kilisema daraja la pili la chini halitazamwi kabisa. Kile kilisema litatazamwa likibebwa na shahada ya uzamili. Cha tatu hakikujali daraja, kilitaka mtihani wake wa kuingilia. Cha nne kilirudi nyuma hadi kwenye mtihani wa hesabu niliofanya nikiwa na miaka kumi na sita. Nilichora jedwali kwa penseli, mishale huku na huku, na kufikia Jumatatu lilifanana na utando wa buibui aliyelewa.

Mimi mashairi nilijifundisha. Hakuna mwalimu aliyenishika mkono. Nilikaa na mistari ya watu hadi nikasikia inavyotembea. Jambo likinishinda, hulihesabu mizani: nane na nane, pumzi, nane na nane. Jumanne asubuhi, ndani ya basi namba 51 kuelekea mjini, nilijaribu kulihesabu hilo langu. Nilianza mara sita. Kila mara mstari ulivunjika mahali pale pale, na nilipopajua, nikaacha kuhesabu.

*

Mshauri wa wanafunzi aliitwa Darshana. Mama yake aliondoka Kisumu akiwa na miaka kumi na minne, na Kiswahili alichomrithisha bintiye ni chai, pole pole, na matusi mawili ambayo hakukubali kuniambia. Aligeuza kioo cha kompyuta ili sote tuone alama zangu.

"Mwaka wa kwanza mzuri. Wa tatu, sitini na nne, mzuri sana. Hapa katikati kuna shimo. Kulitokea nini?"

"Baba yangu alifariki."

"Lini?"

"Mei ile. Wiki mbili kabla ya mitihani."

"Pole sana." Alibonyeza, akatafuta, akabonyeza tena. "Fomu yako ya dharura siioni."

"Sikujaza."

"Kwa nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nililitunga mwaka jana, nikaling'arisha, nikalihifadhi kwa ajili ya siku kama hii.

"Kifo cha baba yangu si kisingizio."

Nilitarajia anyamaze kwa heshima. Hakunyamaza.

"Si kisingizio," alisema. "Ni tarehe. Fomu ilikuwa ya kurasa mbili, Fanuel. Ungeahirishiwa mitihani hadi Agosti bila kukatwa alama hata moja. Ungekaa kwenu hadi msiba uishe."

Aliendelea kusema, nikawa naona midomo tu. Ungekaa kwenu.

Sikumwambia yaliyosalia. Baba aliendesha lori la majani chai Nyamira hadi figo zake zilipogoma. Mimi na Mama tulisafiri pamoja kwenda kumzika. Mazishi yalipangwa Jumamosi. Kisha jamaa wa Minnesota wakachelewa, na wazee wakayasogeza hadi Alhamisi iliyofuata. Alhamisi ilikuwa siku ya mtihani wangu wa kwanza. Kwetu kifungua mimba wa kiume ndiye hutangulia kutupa udongo kaburini, wengine hufuata. Nilisimama mbele ya mama yangu aliyeketi chini na kanga begani, nikamwambia, "Mtihani haungoji mtu." Sikuuliza chuoni kama unangoja. Kuuliza ni kuomba, na mimi sikuwa mtu wa kuomba. Aliivuta kanga yake. "Nenda," alisema. "Baba yako angetaka usome."

Na Alhamisi hiyo, saa walipokuwa wakiteremsha jeneza, mimi nilikuwa katika ukumbi wa mitihani, mbele yangu swali kuhusu figo. Nilikaa dakika arobaini nikilitazama. Karatasi ile na nyingine niliyoanguka nilizirudia Agosti, zikafungwa kwenye alama arobaini hata upate zaidi, kama kanuni isemavyo, na Mama nikamwambia nina kazi ya maabara.

Kwa hiyo mama yangu aliishi na hesabu hii: mwanangu hakumzika baba yake, lakini mtihani aliupata. Ndiyo faraja aliyowapa wazee, ndiyo aliyojipa mwenyewe. Mimi tu ndiye niliyejua kwamba niliuza ng'ombe na maziwa sikuyapata.

"Unanisikia?" Darshana aliuliza. "Kuna nafasi moja imebaki kwenye shahada ya uzamili. Kwa daraja lako wanaweza kukupokea ukieleza huo mwaka wa pili, kwa ushahidi: cheti cha kifo, na chochote chenye tarehe ya mazishi. Ijumaa saa sita mchana wanafunga. Ukifanya vizuri sana humo, milango miwili mitatu ya udaktari itafunguka kidogo. Siahidi. Utasoma mwaka mzima, utafanya mtihani wa kuingilia, na bado wanaweza kukukataa."

Nilisimama. Alinisindikiza hadi mlangoni.

"Pole pole," alisema, kwa lafudhi ya kumchekesha mtu. Sikucheka.

*

Cheti kilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya kitanda cha Mama.

Jumatano alikuwa kazini hadi jioni. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nichukue cheti, nipige picha, nirudishe, ndege asijue wala mti. Nilipiga magoti juu ya zulia lake, nikavuta mkebe, nikafungua. Cheti kilikuwa juu. Chini yake kulikuwa na kijitabu cha ratiba ya mazishi, kile walichochapisha Kisii mjini kabla sijasema naondoka, picha ya Baba amevaa tai aliyoiazima, na juu yake Alhamisi, tarehe, mwezi, mwaka. Kila alichokitaka Darshana kilikuwa mikononi mwangu.

Nikafungua ukurasa wa pili. Wimbo. Neno la mchungaji. Na chini kabisa: *Kutupa udongo: Fanuel, kifungua mimba.*

Niliusoma mstari huo mara ngapi, sijui. Ushahidi wangu ulikuwa ukinishuhudia uongo. Nikipeleka ratiba hii, karatasi itasema nilikuwepo kaburini. Nikipeleka matokeo yangu, karatasi itasema nilikuwepo kwenye mtihani. Na mimi, niliyekuwepo mahali pote pawili kwa maandishi, sikuwa nimefika popote. Nilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Mikono haikukubali kukichukua.

*

Alhamisi Mama alitoka zamu ya asubuhi, akaja akavua viatu, akaketi kwenye kiti chake karibu na dirisha la nyuma, ambapo muungurumo wa magari ya barabara kuu ya M6 husikika mchana kutwa kama mvua isiyofika. Nilikuwa nimeazima mashine kwa Jelagat. Niliiweka mezani.

"Nataka nikupime presha, Mama."

Aliitazama mashine, kisha mimi. "Leo ni Jumapili?"

"Nataka tu kujua imefika wapi."

"Mtu hampimi mamake Alhamisi bure." Alikunja mikono. "Unanipima kwanza ndipo uniue? Weka hicho kitu kando. Sema."

Nikasema. Nilianza na hamsini na nane, kwa kuwa namba haina machozi. Nikasema hakuna barua, hakuna maombi, hakuna kazi ya maabara Agosti ile. Nilingoja apaze sauti. Hakupaza. Aliuliza jambo moja tu.

"Mtihani wa Alhamisi ile. Ulipata ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Kwa mia?"

"Kwa mia."

Akageukia dirisha. Nje hapakuwa na kitu, ua wa mbao na pipa la taka la jirani, lakini aliutazama ua ule kana kwamba kuna mtu anapita nyuma yake. Ningeweza kuishia hapo. Fomu hakuijua, na asingeijua kamwe. Lakini nilikuwa nimeshavunja ukuta, na kuacha jiwe moja limesimama kungekuwa upuuzi.

"Kulikuwa na fomu, Mama. Ningeijaza, wangeniahirishia. Ningebaki Nyamira."

"Ya kurasa ngapi?"

"Mbili."

Aligeuka kutoka dirishani.

"Siku walipopiga simu kwamba baba yako ametuacha," alisema, "nilikuwa nimeketi wapi?"

Nilikumbuka. Alikuwa ameketi mezani. Saa nzima haikuwa imepita tangu simu ile na yeye alikuwa amevaa miwani anaandika, na mimi nikasimama mlangoni nikimdharau moyoni: mume wake hajapoa na yeye anaandikia wazungu karatasi.

"Ilikuwa ya likizo ya msiba," alisema. "Ukurasa mmoja. Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilidhani mambo ya chuo huyajui."

Maneno yalitoka uchi hivyo hivyo, na hakuna nguo niliyokuwa nayo ya kuyafunika.

"Ni kweli, siyajui." Hakuonyesha hasira, ingekuwa afadhali angeonyesha. "Hizo figo zenu na majina yake siyajui. Lakini kazi yangu ni fomu, Fanuel. Mzee akila, fomu. Akikataa kula, fomu. Nikimgeuza ubavu saa nane, naandika saa nane. Fomu naijua."

Aliinuka. Nilidhani anakwenda kulala na kuniacha na mashine yangu. Alirudi na mkebe wa biskuti, akautua mezani, akatoa cheti, akatoa ratiba, akanisukumia vyote viwili.

"Nilijua umevifungua," alisema. "Hukufunga kifuniko vizuri."

"Mama, hii inasema nilitupa udongo."

"Inasema ulipangiwa. Wakiuliza, utawaeleza." Alikilaza kijitabu kwa kiganja, kama anavyolainisha shuka. "Baba zako wadogo wananipigia kila mwezi. Wanataka kulijengea kaburi, saruji na vigae vyeupe. Mwaka wa pili huu, nawaambia wangoje."

"Wangoje nini?"

"Nimewaambia kuna mtu hajatupa udongo wake."

Nilikifunga kijitabu. 

"Ulisema niende," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Nilisema nenda. Sikusema usirudi."

Tuliandika barua pamoja, yaani mimi niliandika na yeye alisoma kwa nyuma ya bega langu, midomo ikitembea. Mwanzo wangu wa kwanza ulikuwa na *mkono wa mauti* na *dhoruba ya majonzi*. Aliuliza dhoruba ipi. Nikafuta. Mwanzo wa pili ulikuwa na heshima yangu na msimamo wangu. Huo niliufuta kabla hajauliza.

"Andika alikufa lini," alisema. "Andika alizikwa lini. Andika wewe ulikuwa wapi."

Ikatosha mistari tisa. Nilipobonyeza kutuma, mambo hayakunyooka. Bado sikujua kama watanipokea, na wakinipokea kama nitafaulu, na nikifaulu kama kuna chuo kitakachonitazama. Utando wa buibui ulikuwa bado mezani, mishale yake yote mahali pake. Lakini pale mstari ulipokuwa ukivunjika, palikuwa na tarehe.

"Jumapili Jelagat utamwambia mwenyewe," Mama alisema. "Asisikie kwa mtu."

"Atanicheka."

"Atakucheka. Kisha atakuuliza umekula." Alikunja mkono wa sweta, akauweka mezani, kiganja juu. "Haya. Sasa nipime, baba."

Aliniita baba, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao wa kwanza, na tangu Mei ile hakuwa ameniita hivyo. Nilifunga mkanda. Kidole kimoja cha nafasi kati ya kitambaa na ngozi, kama Jelagat alivyonifundisha. Nikabonyeza. Ngrrr, mashine ikaanza kuvimba, na Mama akafungua mdomo kusema jambo, akakumbuka sheria, akaufunga. Alinitazama tu. Nikaona kwamba huu ndio wakati pekee ambao asingeweza kuniambia nenda.

"Desemba nitakwenda Nyamira," nilimwambia, kwa sauti ya kutosha kuishinda mashine. "Waambie wasubiri saruji yao hadi nitupe udongo wangu. Na siku hiyo ikigongana na mtihani wowote, Mama, nitajaza fomu, na nitakuletea uisome kabla sijaipeleka."